Mwaka wa Silikoni ya Choo

Kipaza sauti cha msikiti kilimtangaza baada ya sala ya alfajiri, nami nimeinama napepea jiko la makaa. Nikasikia innalillahi, nikaacha kupepea, maana kwa umri wangu huu kila innalillahi mtu huisikiliza kama anayeitwa yeye. "Amefariki Nasoro Bakari," yule kijana akasema, kisha akanyamaza kidogo, nadhani kuna mtu alimnong'oneza pembeni, akaongeza: "Yule Nasoro Utupa, ili watu wamjue." Ili watu wamjue! Mzee wa watu amelala chumba cha nyuma nyumbani kwake, kafungwa kidevu kwa kitambaa, hata maji ya kumwosha hayajatekwa, na jina lile lishapanda mnarani, lishaingia madirishani kwa watu Likoni nzima. Niliutupa upepeo chini, nikaukanyaga. Ulikuwa upepeo mpya.

Utupa, kwa asiyejua, ni majani. Hupondwa, yakatiwa kwenye vidimbwi vya mwambani maji yakipwa, samaki wakalewa wakaelea, wakubwa kwa wachanga, na mwamba ule ukakaa muda mrefu hauna kitu. Kwa watu wa diko, yaani pale pwani vyombo vinapopandishwa na samaki wakauzwa, mtia utupa si mvuvi tena. Ni mtu aliyekula chakula cha watoto wa wenziwe. Sasa nisikilizeni. Nasoro hakutia utupa. Hakutia hata siku moja. Kilichoua samaki mwaka ule ni silikoni ya choo, na aliyeileta ni tajiri wetu, na alijua. Nimelisema hili tangu nikiwa na meno yangu yote. Nalisema tena sasa nikiwa nayo machache, na hasira ni ile ile.

Ya wazazi wangu sitayaleta hapa, wala nilizaliwa nyumba gani, hayo hayamhusu mtu. Shule niliiacha darasa la tatu nikaingia jikoni, na ya dunia nimeyaona kupitia dirisha la jiko. Mwaka ule simu za mkononi ndo kwanza zaingia Mombasa, zile kubwa zenye mkia wa kuvuta juu. Nilikuwa mpishi kwenye nyumba ya samaki. Si samaki wa kula, samaki wa kutazamwa. Wazungu wanaotaka kumwangalia kitatange akizunguka sebuleni kwao, na nje theluji yaanguka, basi huyo kitatange alitoka kwetu. Wazamiaji walimtoa mwambani, alikaa nyumbani kwa tajiri mpaka atulie, kisha alitiwa kwenye mfuko wa plastiki na maji na hewa ya mtungi, mfuko ukatiwa kwenye sanduku, sanduku likavushwa kivuko, likenda zake uwanja wa ndege kule upande wa Port Reitz. Sisi tulimwita tajiri, tajiri tu, na hata leo jina lake sitaliandika. Si kwa kumstahi. Ni kwamba yeye alichukua jina la mwenzake akaliharibu, na mimi sitaki kushika lake mkononi.

Ile nyumba ilikuwa na sebule isiyokuwa na kiti. Ukuta mpaka ukuta ni matangi ya vioo juu ya mbao, mirija ya hewa yapita huku na huku kama nyuzi za kushonea, na maji yachemka polepole bila moto, blub, blub, kutwa kucha. Mwanga ulikuwa wa kibuluu. Mtu akisimama humo uso wake waonekana kama wa maiti, nasi tulichekana. Vitatange wa manjano, kangaja wa buluu, na wale wadogo wenye mistari ya rangi ya chungwa ambao kila mtoto wa siku hizi awajua kwa sababu ya televisheni. Jiko langu lilikuwa nyuma, mlango wa pili, na tajiri alinikataza kukaanga samaki. Ati harufu itaingia sebuleni. Charo, fundi wetu wa vioo, alisema wale samaki wakinusa ndugu yao akikaangwa watakufa kwa huzuni, na tajiri atakosa cha kuuza. Basi watu wanaoshinda na samaki kutwa, chakula chao kwangu ni maharagwe, mchicha wa nazi, na Ijumaa nyama. Nasoro akija kutoka kuzamia, maji yanamdondoka, kabla hata ya kukaa, atachungulia sufuria aseme, "Mishi, leo tena maharagwe? Ntageuka mbegu mie." Nami humjibu, "Ukigeuka ntakupanda nyuma ya choo."

Wakati ule hakuitwa Utupa. Aliitwa Nasoro Pumzi. Wazamiaji wengine walivaa mitungi mgongoni, yeye alikwenda chini kwa mapafu yake mwenyewe, na wenziwe juu chomboni walikuwa wakianza kuulizana yuwapi, ndo kichwa chatokea. Alikuwa na vimia viwili vidogo na kijiti cha kuchokolea, basi. Alinieleza kwamba samaki wa chini ukimpandisha haraka tumbo lafura, lapasuka kwa ndani, hata ukimwona yuwaogelea juu ujue ni mfu. Kwa hiyo alipanda naye polepole, akisimama njiani, na huku kifua chake mwenyewe chamlilia hewa. Sasa niambieni. Mtu anayejinyima pumzi ili kitatange asiumwe tumbo, ndiye huyo atakayekwenda kuponda utupa? Watu hawakujiuliza. Watu wa kwetu wakishaambiwa neno na mwenye gari, hawajiulizi.

Charo alikuwa Mgiriama wa Kisauni, mtu wa kanisa, mkata vioo, na yeye ndiye aliyetengeneza matangi. Sikwambii alivyokuwa akipenda kufundisha. Alikuwa na ile bunduki ya silikoni, unatia bomba lake, unabonyeza, latoka kama dawa ya meno, na chumba kizima chanuka siki. Siki kali, ya kuumiza macho. Wali wangu wa siku hizo ulikuwa na ladha ya achari na sikutia achari. "Hii, dada, haikauki kama rangi," alikuwa akisema. "Rangi yakaushwa na jua. Hii yaivishwa na unyevu wa hewa. Hewa yenu hii ya Likoni, ambayo yaozesha misumari, kwake ni chakula. Inaanza ngozi juu, inaiva kuingia ndani, na siki ndiyo jasho lake. Ikiacha kunuka, imeiva, tia maji." Siku moja alichukua ukanda uliokwisha kuiva, mwembamba, wavutika kama mpira wa kombeo, akauweka kwenye makaa yangu. Plastiki ingeyeyuka ikadondoka, mpira ungetoa moshi mweusi. Ule ulikaa. Ukakaa mpaka ukashika moto shingo upande, na ulichokiacha ni jivu jeupe. Akalisugua kwa vidole. "Mchanga," akasema. "Imetoka kwenye mchanga, wakaipika viwandani na mambo yao, na ukiichoma yarudi kwao." Nasoro akamwambia, "Basi hata sisi ni silikoni, Charo, tutarudi mchangani." Charo akasema yeye atarudi Kisauni.

Na jambo la pili alilotufunza, hili ndilo nalitaka mlishike: tangi likivuja, hupaki silikoni mpya juu ya ile ya zamani. Haishiki. Silikoni hushika kioo, hushika kigae, lakini yenyewe kwa yenyewe, ikishaiva, hukataana. Lazima uchukue wembe ukwangue ya zamani yote, usiache hata unyuzi, ufute, kisha upitishe kidole mpaka kioo kilie. "Mpaka kioo kilie," ndivyo alivyosema kila mara. Kikilia, ndo safi.

Sasa matangi yale, pembeni mwa viungo, juu ya maji, yalianza kuota kuvu jeusi. Halikudhuru kitu. Lakini tajiri alikuwa na mgeni wa kuja kuangalia mali, hakutaka kuvu. Siku hiyo katoka uwanja wa ndege kupeleka masanduku, akapitia duka la vifaa vya ujenzi Magongo, akaja na boksi la mabomba meupe yenye picha ya bafu, mwanamke wa Kizungu kakaa ndani ya povu. Akaingia nayo jikoni kwangu, kwa furaha, kama mtu aliyeleta kanga.

"Hii ni ya kisasa. Haishiki kuvu. Na hainuki."

Charo akaligeuza lile bomba, akasoma kwa kidole. "Bosi, hii imeandikwa ya bafu na choo."

"Choo si maji?"

"Ni maji."

"Na tangi si maji? Maji ni maji, Charo. Ile yako ya siki ni ya zamani, ndiyo maana yaota kuvu. Hii ni ghali zaidi."

"Wewe ndiwe tajiri," Charo akasema.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa, na ni kosa la mtu anayeamini kwamba kitu kikiwa ghali na kikiahidi mengi kwenye karatasi, basi ni bora kwa kila kazi. Hakuna aliyejiuliza kuvu lakataa kuota kwa nini. Kuvu ni kitu hai. Kikikataa kuota mahali, basi mahali pale pana kitu kinachokiua. Dawa ile imo ndani ya silikoni yenyewe, yajitoa polepole kwenye maji, na chooni haina taabu, maana chooni hakuna anayeishi. Charo akakwangua, kioo kikalia, akapaka. Ukuta wa kulia wote. Ukuta wa kushoto alibakiza, kwa kuwa mgeni angepitishwa upande wa kulia. Na nyumba ikapoa, haikunuka siki tena, na wali wangu ukarudi kuwa wali.

Samaki wakaanza kufa. Kwanza walipanda juu, wakahema kinywa wazi kama watu wa kivukoni Jumatatu asubuhi. Kisha rangi ikawapauka. Kisha wakalala upande. Nasoro alileta wengine, nao wakafa, na waliosafirishwa wakafika wafu. Nilikuwa nikiwabeba kwa ndoo, vitatange wa manjano wamegeuka rangi ya karatasi, nikiwazika nyuma, na paka wa jirani hawakuwataka. Paka! Hilo peke yake lingemwambia mtu kitu.

Mchana ule nimepakua, Nasoro yuko chini kakunja miguu na sahani yake, Charo kando, na wazamiaji wengine. Tajiri akaingia na viatu vyake, akasimama juu ya mkeka.

"Nasoro, umewapa nini samaki wangu?"

"Mimi? Nimewapa safari, bosi."

"Sicheki nawe. Wafa kwa nini? Wa mwaka jana hawakufa. Watia nini huko mwambani? Utupa?"

Kijiko cha Charo kilisimama hewani. Neno lile halitamkwi hivihivi mbele ya wavuvi, ni sawa na kumtukania mtu mamake. Nasoro aliweka sahani chini polepole, akanawa mkono. "Bosi," akasema, "mie nina vimia viwili na kifua. Nikitaka kuua samaki sihitaji kuzama. Ntakaa kwenye kiti kama wewe." Wenzake wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichommaliza. Tajiri aligeuka mwekundu mpaka masikioni. "Toka. Toka, na ntahakikisha diko lote lajua wewe ni mtia utupa." Na kabla ya alasiri lilijua.

Wakamwita dikoni. Mkubwa wa diko alikuwa Mzee Kassim, mtu wa maneno machache na kofia safi, ambaye wavuvi wote walimwamkia kwa kuinama. Mimi sikuruhusiwa, mwanamke hakai kwenye baraza lile, lakini nilisimama nyuma ya chombo kilichopinduliwa kwa kupakwa sifa, yale mafuta ya papa, nikasikia yote. Nasoro aliapa wallahi mbele yao. Akawaambia nendeni mwambani mkatazame, utupa huacha majani, tafuteni jani hata moja. Hakuna aliyekwenda. Mzee Kassim akaamuru vimia viletwe, vikakatwa kwa kisu mbele yake, nyuzi zikamwagwa mchangani, na Nasoro akaambiwa mguu wake usikanyage maji ya diko lile. Nasoro aliokota zile nyuzi. Aliziokota zote, akazitia mfukoni, na watu wakimtazama. Nilijiuma kiganja mpaka kikavimba.

Sasa lile dirisha langu. Simu ya tajiri ilikuwa haishiki mtandao sebuleni, haishiki barabarani, yashika mahali pamoja tu, nyuma ya dirisha la jiko, karibu na pipa la maji. Basi akitaka kuzungumza husimama pale na kupiga kelele, kama kwamba mtu wa pili yuko ng'ambo ya maji. Mimi nachambua mchele. Alikuwa azungumza na nduguye.

"Nimemuuliza yule jamaa wa Nairobi anayefuga samaki," alisema. "Asema ni silikoni. Ile ya choo. Ina dawa ya kuvu, yaua na samaki... Ee, matangi ya upande wa kushoto hayana neno, yana ile ya siki... Charo atakwangua yote kesho, tunarudisha ile ya zamani... Nasoro? La, wewe. Hilo liache. Nishawaambia wanunuzi ni mzamiaji katia sumu, na nimemfukuza. Nikigeuka niseme ni uzembe wangu, nani atanunua kwangu? Yeye ni kijana, atapata kazi."

Nilitoka na ungo mkononi, mchele ukamwagika. Nikasimama mbele yake. Yeye akakunja ule mkia wa simu, akanitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia ndani, akasema, "Mishi, mchele wamwagika."

Sikunyamaza. Nataka hili lijulikane. Siku ile ile nilikwenda kwa Nasoro nikamwambia, na nilikwenda kwa kila mlango uliokuwa na mvuvi. Na kesho yake, Charo akikwangua, nilichukua ukanda wa silikoni ya choo na ukanda wa ile ya siki, nikateka maji ya bahari, nikatia kwenye mabeseni mawili ya kuoshea vyombo, kila beseni na ukanda wake, kila beseni na samaki wa mwambani niliyepewa na mzamiaji mwingine, si Nasoro. Nikayabeba, moja kichwani, jingine kiunoni, mpaka kibarazani kwa Mzee Kassim. Nikamwambia, shikamoo, babu, nakuomba ukae na mabeseni haya, utazame mwenyewe. Alipotoka kusali adhuhuri wote wawili wazima. Alipotoka kusali magharibi, yule wa silikoni ya choo kalala upande, rangi imemtoka, mwingine azunguka beseni.

Mzee Kassim aliinama akatazama. Kisha akaniambia, "Binti, samaki kufia ndani ya beseni la mpishi, ni ajabu gani?" Na wale waliokuwa barazani wakacheka. Mmoja akasema, "Amtetea bwanake huyo." Basi. Lile lilitosha. Kufikia wiki iliyofuata mimi ni hawara wa Nasoro Likoni nzima, na kila nililosema ni maneno ya hawara. Nilimpenda? Ndiyo, kidogo, kama unavyopenda kivuli cha ukuta wa jirani jua likiwa kali. Hakuwahi kujua, aliposa kwengine, na mkewe ni rafiki yangu mpaka leo. Lakini kupenda mtu hakumfanyi samaki afe beseni moja akaishi beseni la pili.

Mimi nilifukuzwa. Charo alirudi kwao Kisauni, akafungua kazi ya madirisha, akafa zamani, Mungu amrehemu. Na Nasoro Pumzi, ambaye kifua chake kilikuwa kama mvukuto, alivuka kwenda kubeba magunia kwenye maghala ya Changamwe, mizigo ya vumbi, mwaka baada ya mwaka. Hakuzama tena. Hata kuogelea hakuogelea, kivukoni alisimama katikati ya watu asiyaone maji. Vumbi lile likamla kifua mpaka kutoka kitandani hadi mlangoni ikawa safari. Mtu anasema jina ni maneno tu. Njoo nikuonyeshe maneno yanavyobeba magunia.

Mwezi uliopita nilimpelekea uji hospitali. Walimtia mpira wa mkojo, na muuguzi, msichana mpole, alikuwa akimweleza kwamba huu ni wa silikoni, laini, mwili haugombani nao, waweza kukaa muda mrefu kuliko ile mingine. Nasoro alinitazama, macho yakamcheka. Pumzi ya kusema hakuwa nayo, alisema vipande vipande. "Mishi. Huyu mdudu. Kanifuata. Mpaka huku chini." Muuguzi hakuelewa tulicheka nini. Mimi nilicheka huku nimeuma meno, maana siku hizi hiyo silikoni iko kila mahali, jikoni kwangu nina mwiko wake na vibati vyake vya kuchomea keki, haviungui, havinuki, ni kitu kizuri, na sikukasirikia kitu mie. Kitu hakina kosa. Hata ile ya choo ingebaki chooni ingefanya kazi yake kwa heshima. Kabla sijaondoka akaniambia, "Yule tajiri. Hakusema. Kamwe?" Nikamwambia, "Atasema." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Akafumba macho.

Siku ya hitima nilipika mimi. Wanaume wako nje chini ya turubai, mkewe yuko ndani ya eda, nami uani na masufuria. Ndipo tajiri akaja. Kazeeka, fimbo, dereva nyuma yake kabeba gunia la mchele. Lile gunia nililiacha lilipowekwa, sikulifungua; nilipika mchele wa watu wengine. Akaja mpaka uani, pengine kwa mazoea ya kuniingilia jikoni.

"Mishi. Bado wapika?"

"Bado. Nawe bado wanyamaza?"

Akavuta pumzi. "Yameshapita hayo, dada yangu. Nimekuja kumwombea ndugu yangu. Tusameheane, tuwe kitu kimoja."

"Hukusikia msikitini alivyotangazwa?"

"Nilisikia."

"Basi wataka kupaka mpya juu ya ya zamani. Charo alitufunza nini?"

Alinitazama, na nikaona amekumbuka, kwa sababu mkono wake ulijipangusa kwenye kanzu kama mkono wa mtu aliyeshika ile bunduki ya silikoni.

"Haishiki," nikamwambia. "Wembe ndo wautaka. Wako pale nje wote, na Mzee Kassim yu hai. Nenda ukakwangue. Na mimi nasimama hapa mlangoni nasikiliza kioo."

Sikutarajia angekwenda, wallahi. Alikwenda. Nilikuwa nimeshawatengea, masinia yako chini, watu wameyazunguka, wameshapiga bismillahi. Alisimama kwenye kamba ya turubai, akasema, na sauti yake haikuwa kubwa lakini ilisikika: "Jamaa zangu, marehemu Nasoro hakutia utupa. Samaki wale waliuawa na silikoni yangu. Nililijua hilo, nikanyamaza."

Watu wakaacha kutafuna. Bakari, mwanawe Nasoro, aliinua kichwa. Na Mzee Kassim, mkongwe, kofia ile ile safi, hakushtuka. Aliendelea kufinyanga tonge lake.

"Keti, bwana, ule," akamwambia. "Twajua."

"Mwajua?" Hiyo ilikuwa sauti yangu. Nilikuwa nimeshafika katikati yao, mwanamke peke yangu, na mwiko mkononi.

"Twajua, Bi Mishi. Tangu yale mabeseni yako twajua. Lakini bwana huyu ndiye alokuwa akinunua samaki wa diko zima. Tungefanyaje? Na jina nalo lishazoeleka, watu walimwita kwa mzaha tu. Hata yeye mwenyewe aliitika."

Aliitika! Walikata vimia vyake kwa kisu, na wakijua. Walimtuma kwenye magunia, na wakijua. Wamemwita vile kivukoni, sokoni, kwenye harusi ya mwanawe, na juzi mnarani, wote wakijua, na yeye aliitika kwa sababu mtu akiitwa na kila mtu hana budi kugeuka. Miaka yote nilikuwa nikidhani ni wajinga. Nilikuwa nimewasamehe nusu, kwa ujinga wao.

Nikainama nikalishika sinia la Mzee Kassim na wenziwe kwa pande zote mbili, mikono yao ingali ndani ya wali, nikalivuta. Mikono ikatoka. Nikalinyanyua, nikageuka nalo, na Bakari akaruka kunifungulia mlango. Mzee Kassim alibaki na tonge lake vidoleni, halijafika kinywani, ananiangalia.

Hilo nilimwachia.